Chungu Kilichozikwa Mlangoni

Kisenyi, Kampala
4 Machi 2023

Kwako Daktari wangu Bushira, binti wa marehemu dada yangu,

Pokea salamu za mjomba wako Fadhul, mzee ambaye uzuri wake haujapungua, ila nywele tu zimehama kichwani zikahamia kidevuni. Mimi mzima. Mkaza mjomba wako Aminah mzima, na amekuwekea bamia kavu ambazo hata mimi mwenye nyumba siruhusiwi kuzisogelea. Mwanangu Abdunoor ameoa tena, usiniulize. Gereji inakwenda. Wasomali wa hapa jirani bado wanasema hakuna mtu Kampala nzima anayetambua ugonjwa wa injini ya Fuso kwa sikio tupu kama mimi, nami siwapingi. Mtu akisema ukweli si adabu kumkatiza.

Najua utasema, Mjomba, simu si ipo? Ipo, lakini mke wangu huisikilizia kwa spika, na gereji nzima huchangia maoni. Hili si jambo la spika. Barua hii anakuja nayo binti wa Ramathan jirani yetu, yule anayesoma huko huko Norwe kwenu, na nimemwapisha asiifungue.

Haya. Makumbusho yako yamefunguliwa. Yako Nakasero, juu kule kwenye miti na mabalozi, jengo jipya jeupe lenye vioo mpaka unaogopa kukohoa. Nilivaa suti ile ya Juba. Aminah alivaa gurbaba ya mama yake, lile shuka la Kinubi la sherehe, na alinukia udi hivi kwamba askari wa getini alisahau kutupekua. Nikamwambia, "Afande, unaliona jina lile ukutani? Dkt. Bushira Abdul-Latif, kiongozi wa uchimbaji? Jina hilo nimelilea mimi. Nimelilisha uji." Akasema, "Mzee, songa mbele, watu wanasubiri."

Ndani, mwanangu, nilitembea kama mwenye shamba. Kila kabati nalijua! Vifungo vya sare za babu zetu, maganda ya risasi, viko vya udongo, hata ule mfupa wa kiboko uliokuangukia mguuni. Si mimi niliyekuwa dereva wenu kule ngome ya Larubi? Si mimi niliyeitoa ile Land Rover matopeni kwa shuka la kitanda na dua? Nikaanza kueleza kwa sauti. Wazungu wawili wakanifuata wakidhani mimi ndiye mwenye kazi, nami sikuwavunja moyo. Niliwaambia ngome ile ilijengwa na watu wangu, askari walioletwa kutoka Sudani na wake zao na ngoma zao, na kwamba sisi Wanubi ukituuliza kwetu ni wapi hatutaji kilima wala mto kama watu wengine. Tunataja kambi. Mzungu mmoja akaandika.

Halafu tukaingia chumba cha mwisho. Aminah alitangulia. Nilimwona anakaa chini. Chini kabisa, sakafuni, na gurbaba ya mama yake.

Bushira, sijui niandike vipi. Nimezunguka ukurasa mzima kama boda boda anayetafuta abiria. Katika kabati la katikati, lenye taa yake peke yake, kuna chungu. Ni kile chetu. Chungu cha Bibi tulichowekea kondo la nyuma la binti yako Latifah, mwaka ule ulipompoteza, tukakizika mimi na wewe chini ya kizingiti cha nyumba ile ya mwisho ambayo wewe mwenyewe ulisema haimo kwenye mpango wa kuchimbwa.

Wameandika hivi, nilinakili: "Chungu cha uzazi. Kilizikwa chini ya kizingiti cha nyumba ya askari. Ndani yake mlikuwa na udongo mweusi na shanga. Miaka ya 1890. Mama mmoja alikizika hapo ili mwanawe ajue kwao."

Niambie nifanye nini. Aminah hali chakula.

Ni mimi mjomba wako,
Fadhul


Bergen
11 Aprili 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama pamoja na salamu za mkaza mjomba. Namshukuru kwa bamia. Mpongezeni Abdunoor, ingawa umenikataza kuuliza.

Mimi sijambo. Hapa theluji imeanza kuyeyuka na njia zote ni maji matupu. Nina wanafunzi wengi muhula huu, nafundisha somo la udongo na tabaka zake. Nimehamia nyumba nyingine, ndogo zaidi, karibu na kazini. Nafunga Ramadhani peke yangu, na jua la huku halina haraka ya kuzama.

Nimefurahi kusikia makumbusho yamependeza. Walinialika kwenye ufunguzi, nikawaambia nina mitihani ya kusahihisha.

Kuhusu lile la chumba cha mwisho, nadhani macho yamekudanganya. Vyungu vya namna ile ni vingi, Mjomba. Wanawake wa ngomeni walikuwa na desturi hiyo hiyo. Ndiyo sababu sisi tunayo. Timu iliyoendelea baada yangu ni ya watu makini. Huenda walipata kingine.

Mwambie mkaza mjomba ale.

Bushira


Kisenyi
20 Mei 2023

Kwako mwalimu wa udongo,

Salamu nyingi kutoka jua la Kampala, ambalo lingetosha kukutumia vipande viwili vitatu kama posta ingekubali. Idi imepita vizuri. Tulichinja mbuzi mwenye kiburi. Aminah sasa anakula, ila ameacha kuimba jikoni, na nyumba bila kelele ile ni kama lori lililozimwa mteremkoni: linakwenda, lakini unaogopa.

Nilikutana na Ojera soko la Kalerwe. Ndiyo, yule yule mumeo wa zamani. Ameachana na upolisi, ananunua nyanya kama binadamu wengine. Alikuuliza. Nikamjibu habari za mvua. Bado nasikia alivyokuambia pale hospitalini, kwamba umezoea kufukua wafu wa watu, sasa wamekuja kuchukua wako. Ningempiga siku ile kama wewe usingenishika shati. Kalerwe sikumpiga. Amezeeka, na nyanya alizochagua zilikuwa mbovu, nikaona yanamtosha.

Sasa, Bushira. Macho yangu.

Nimerudi kule Nakasero. Nimerudi tena. Askari sasa ananiita "mzee wa makumbusho". Mdomo wa chungu una pengo pale Aminah alipokigonga kwenye bomba akikiosha, siku tulipoondoka kwenda kukizika, akalia, ukamwambia haidhuru. Shanga ni za Bibi, nyekundu zote na moja ya buluu, kwa sababu nyekundu zilipungua na ile ya buluu Aminah aliikata shingoni mwake. Iko pale. Ya buluu, peke yake, chini ya taa.

Hao watu makini sisemi ni wajinga. Chungu ni cha zamani kweli, Bibi alikirithi kwa mama yake aliyezaliwa katika safu zile zile za ngome. Shanga ni za zamani. Wamepima wakakuta uzee, ndivyo ulivyo. Kitu kimoja tu hakikuwa cha zamani, kile kilichogeuka udongo mweusi, nacho hakina tarehe.

Mimi niko tayari. Nina rafiki hapa Kisenyi, fundi wa makufuli, hakuna kioo kinachomzidi. Aminah atazirai mlangoni, jambo ambalo sasa analifanya vizuri, askari watamkimbilia, nami nitatoka na chungu ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki wa mkate. Unacheka? Cheka. Lakini ukisema ndiyo, nakwenda.

Usinijibu habari za theluji.

Mjomba wako,
Fadhul


Bergen
3 Oktoba 2023

Mjomba,

Nisamehe kwa kimya. Barua yako nilikuwa nayo tangu Juni. Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo, na kwamba mguu wake haumsumbui msimu huu wa mvua.

Nilikuja.

Sikuwaambia. Nilikuja Septemba, nikalala hoteli pale pale Nakasero, usiku mmoja tu, na kesho yake jioni nikarudi uwanja wa ndege, Entebbe. Najua utakavyoumia ukisoma hapa. Endelea kusoma.

Niliingia kwa mlango wa watu wote, nikalipa kama mgeni. Nilijifunga mtandio mpaka machoni, lakini hakuna aliyenitazama. Nilipita makabati yote haraka. Vitu nilivyovitoa ardhini kwa brashi, nikiwa nimepiga magoti na tumbo la miezi saba, nilivipita kama mtu anayepita jamaa sokoni asitake kusalimiwa. Nikafika chumba cha mwisho.

Ni chenyewe, Mjomba. Nilikijua tangu barua ya kwanza.

Walikuwa wameingia kina mama, kikundi cha akiba na mikopo kutoka Bombo, wana sare za kitenge na kelele nyingi. Mmoja alisoma maandishi kwa sauti kwa ajili ya wenzake. Mwingine akasema, "Huyu mama alijua kazi. Kizingitini kabisa! Mkwe wangu alitupa la mwanangu chooni." Wakacheka. Wa tatu, mzee, akakaribia kioo akasema, "Sasa huyu mtoto mwenyewe si alishakufa na uzee wake? 1890! Amezaa, amezeeka, wajukuu wake wako hapa hapa mjini wanatusukuma kwenye foleni." Wakacheka tena. Mmoja akanigeukia akasema, "Dada, labda ni bibi yako huyu!"

Nikasema, "Labda."

Umeelewa, Mjomba? Ndani ya kabati lile binti yangu aliishi. Alitambaa, akaota meno, akaolewa, akagombana na wakwe. Kila anayesoma pale anamzeesha. Mimi sikuwahi kumpa hata siku moja, na wao wamempa miaka yote. Walipotoka nilibaki nikamwita kwa jina lake, Latifah, taratibu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasema neno kwa mtu yeyote. Nitaliacha kosa lao likae pale milele.

Basi akatokea Lanyero. Unamkumbuka, yule mwanafunzi Mwacholi aliyekuwa akila chapati zako kwenye Land Rover? Sasa ndiye msimamizi wa vyumba vile. Maandishi yale aliandika yeye. Mtandio haukunisaidia kitu. Alinikumbatia, akalia, akaniambia, "Mwalimu, hili ndilo kabati langu ninalolipenda." Halafu akaniambia habari nyingine kwa furaha. Mwakani mwanzoni udongo wa ndani ya chungu utapelekwa maabara. Utasagwa wote, kwa kuwa ni kidogo, ili watafute chembe za damu wajue watoto wa askari wale walikuwa na asili gani.

Nilimwambia ni wazo zuri. Nikaondoka.

Asagwe, Mjomba? Sina kitu kingine chake. Kaburi lake pale mjini walishalipitishia barabara. Nikisema ukweli nitaupata udongo, lakini mtoto anakufa tena, mbele ya watu, na maandishi yanaondolewa. Na mimi nitakuwa mchimbaji aliyezika kitu chake mwenyewe ndani ya eneo la kazi. Kwetu wachimbaji hilo halina msamaha. Nikinyamaza, anabaki pale akiwa bibi wa watu, na ndani ya chungu hakuna kitu.

Sijui nichague nini. Nakuuliza kweli.

Bushira


Kisenyi
22 Oktoba 2023

Bushira,

Salamu. Wote wazima.

Hoteli ya Nakasero. Mwanangu, kutoka hoteli zile mpaka kwangu ni mteremko mtupu, hata ndizi ukiiachia inafika. Ulilala pale, na Aminah yuko hapa chini amekuwekea bamia tangu mwaka juzi. Nilipoisoma barua yako niliivua miwani, nikaenda kufungua injini ya mtu ambayo haikuwa na ugonjwa. Nimeifungua yote. Mwenyewe alikuja akashika kichwa.

Sikumsomea Aminah sehemu ile. Nimemwambia uliandika kwamba unamkumbuka.

Haya, nimemaliza kununa. Umeniuliza, nami nimekwenda mpaka Mombasa, Bunia, Juba na Kisangani, nimeona watu wa kila aina, na katika mambo mengi nina majibu hata kabla ya swali. Hili nimekaa nalo wiki nzima.

Wale kina mama wa Bombo nawapenda bila kuwajua. Lakini huyo wanayemzeesha si wetu. Wetu nilimshika mimi. Ulikuwa umelazwa, Ojera amekwenda kupiga kelele nje, nesi akanikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa mwanamume pekee wa ukoo pale. Alikuwa na kucha, Bushira. Kucha kamili. Nywele zake zilikuwa za dada yangu, za mama yako, zile ngumu za kukataa kitana. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza, na hukuuliza kwa sababu ulijua ningekuambia. Hakuishi, kweli. Ila alikuwepo. Huyo wa 1890 hajawahi kuwepo hata kidogo. Usimpe huyu nafasi ya yule.

Jina lako ukutani najivunia kuliko gereji. Nimelitangaza mpaka wauza vipuri wananikimbia. Likitolewa nitaumia, nitaona aibu siku mbili tatu, halafu nitapata uongo mwingine wa kujivunia, sijawahi kupungukiwa. Udongo ule ukisagwa nitapata wapi mwingine?

Sema, mwanangu. Nipo.

Fadhul


Bergen
9 Desemba 2023

Mjomba wangu,

Nakusalimu, na namsalimu mkaza mjomba kwa heshima zote. Mwambie ukweli kuhusu hoteli. Ana haki ya kunikasirikia kwa kinywa chake.

Nimesema. Nilimwandikia Lanyero kwanza, yeye peke yake, kabla ya wakubwa wake. Hakunijibu kwa wiki mbili. Kisha alinipigia simu. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nikiwaambia watoto wa shule kwamba mama huyu alikuwa na matumaini." Nikamwambia, "Alikuwa nayo."

Mkutano ulifanyika. Kabati limezimwa taa. Jina langu litaondolewa ukutani, na kazi zote nilizoandika kuhusu Larubi zitapitiwa upya na watu wengine, moja baada ya nyingine. Chuo cha huku kimenipumzisha mpaka watakapomaliza. Wamenieleza kwa upole mwingi. Upole wao ndio uliniuma zaidi.

Wamekubali kukirudisha chungu na vilivyomo kwa ndugu. Nimekutaja wewe. Kukirudisha ngomeni haiwezekani, Mjomba. Pale kizingitini wamemwaga saruji, ni njia ya wageni sasa.

Kichukue tu. Zaidi ya hapo sijafikiria.

Bushira


Kisenyi
28 Desemba 2023

Mwanangu Bushira,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumba hii. Aminah nimemwambia ya hoteli. Amekutukana kwa Kinubi kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, matusi mengine hata mimi sikuyajua. Halafu akafua shuka za kitanda chako. Basi ujue.

Nimekichukua.

Nilikwenda na suti, sikutaka wadhani tumekuja kuomba. Ukuta nimeuona. Wamepaka rangi, lakini ukisimama kwa upande herufi zinaonekana bado chini ya rangi, B na zinazofuata. Nilimwonyesha askari. Akasema, "Pole, mzee." Hakuniambia nisonge mbele.

Lanyero alikuwa ofisini na wakubwa wawili wa tai. Amekonda. Chungu kilikuwa mezani, kimefungwa pamba kama mgonjwa. Mmoja wa wale wakubwa, mtu mzuri tu, si mbaya, akaniambia wanahitaji kujua wanamkabidhi nani. Akauliza, "Mzee, wewe ni nani kwa kitu hiki?"

Bushira, nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimwambie mimi ni Fadhul wa Kisenyi, dereva wa Larubi, mtu aliyevuka mpaka wa Kongo kwa gia ya kwanza. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikafungua, likatoka moja.

"Babu yake."

Yule mkubwa akasimama. Akanyanyua chungu kwa mikono miwili yeye mwenyewe, akazunguka meza, akanipa. Akasema, "Poleni." Lanyero akatoka nje ya chumba.

Boda boda aliniuliza kama ni mzigo wa kuvunjika. Nikamwambia aende polepole kama amebeba mama yake. Tumeshuka Nakasero, tumepita kwenye maegesho ya teksi, watu wanasukumana, wanauza chaja na soksi, mmoja akanipigia kelele, "Mzee, pilau hiyo? Tukaribishe!" Siku nyingine ningemjibu, unajua ningemjibu. Nilikikumbatia ndani ya koti tu. Kizito kidogo, Bushira. Nilisahau kwamba kina uzito.

Kiko chumbani, upande wa Aminah. Amekifunika kwa kawa la rangi, lile alilosuka mwenyewe kwa harusi yako. Hakilii, hakidai chakula, lakini wote tunapita pale kwa kunyata.

Sasa tunangoja neno lako. Kizingiti chetu cha ngomeni kimekufa. Kule kwa Ojera siwezi hata kukitaja. Norwe wataniuliza uwanja wa ndege nimebeba nini. Nyumba hii ya Kisenyi si jumba, unaijua, mlango wake umepinda na mvua ikinyesha unakataa kufunga. Lakini nimeishi humo tangu kabla hujazaliwa, na wewe ulitambaa ukitokea humo. Sikulazimishi. Natamka tu.

Babu Fadhul


Bergen
16 Januari 2024

Mjomba, na Mama Aminah,

Nawasalimu nyote wawili pamoja.

Hapo mlangoni. Nimewaza usiku na mchana na hakuna pengine. Vunjeni saruji upande wa ndani, shimo liwe mpaka kwenye kiwiko, mdomo wa chungu utazame nyumbani. Msimwage chochote ndani yake, msiziguse shanga. Mkishafunika, msiweke alama.

Desturi inasema pia kwamba kinazikwa ili mtoto anayefuata aione njia. Hakuna anayefuata. Madaktari waliniambia siku ile ile, nami sikuwaambia nyinyi. Mliendelea kuniombea kila Ramadhani na sikuwa na moyo wa kuwakataza. Msiniombee hilo tena.

Zikeni tu. Nimefungasha kila kitu katika nyumba hii na hakikujaza hata masanduku mawili. Nitafika mwezi ujao. Msije uwanja wa ndege, na Mjomba, nakusihi, usimwambie mtu yeyote huko Kisenyi kwamba daktari anakuja. Acheni mlango wazi. Nitatembea kwa miguu kutoka juu, Nakasero, na nitajua pa kuingia.

Mtoto wenu,
Bushira